Kufundisha wanafunzi wa udaktari nusu ana kwa ana, nusu kwa simu: mwongozo wa huku Nyanda za Juu Kusini

Wakuu habari za kazi. Hii ni kwa walimu wenzangu mnaofundisha MD, utabibu na uuguzi huku kwetu, Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, nyie ambao wanafunzi mnao darasani wiki chache alafu wanatawanyika, huyu yuko Chimala, yule Tukuyu, wengine Ilembula, wengine wamepanda Makete mpaka Ikonda, na wewe umebaki mjini una raundi asubuhi, kliniki mchana, na ratiba inasema saa 8 una lekcha ya watu ambao hawapo. Njia ya kuchanganya, yaani kipande wanasoma wakiwa mbali na kipande mnakutana uso kwa uso, inasaidia sana hapa, ila ikifanywa ovyo inakuwa kuwarushia watu PDF ya kurasa 90 kwenye grupu na kuita hiyo ni onlaini.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usije ukasoma mpaka mwisho ukitegemea nitakutajia programu nzuri. Usianze na programu. Anza na kile ambacho mwanafunzi hawezi kukipata bila kumgusa mgonjwa au bila mtu kumwangalia anavyofanya, kilinde hicho kwa nguvu zote, vilivyobaki ndo visafiri kwa simu. Walimu wengi tunafanya kinyume, lekcha ya masaa mawili inarekodiwa ilivyo, inatumwa, alafu siku ya kukutana inarudiwa ile ile kwa sababu "hawakusikiliza".

Na jambo lenyewe halikuja na korona. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, redio inaongea, kuna kijitabu, kuna kikundi na kiongozi wake wanakaa kujadili kilichosemwa, wakitoka hapo wanaenda kuchimba choo. Inakadiriwa walishiriki watu wazima kama milioni 2. Angalia walivyopanga, redio haikuachiwa kazi peke yake, kulikuwa na sauti ya mbali, maandishi mkononi, watu wa kujadiliana nao na kazi ya mikono ambayo jirani anaiona. Kozi yako ikikosa kimoja kati ya hivyo vinne itapwaya tu, hata uwe na kompyuta za aina gani.

Hatua ya 1: Chukua mada moja uichane vipande

Mada moja, siyo kozi nzima, na wala usitangaze kwa mkuu wa chuo kwamba unaleta mapinduzi. Mimi napendekeza leba kwa sababu kila hospitali ya wilaya ina leba na hamna mwanafunzi atakayeikwepa. Andika kwenye karatasi kila kitu anachotakiwa akiweze mada ikiisha. George Miller mwaka 1990 alitoa piramidi yenye ngazi nne ambayo mpaka leo inafaa: anajua, anajua jinsi inavyofanywa, anaonyesha akifanya, anafanya kweli kazini. Pembeni ya kila kitu ulichoandika weka ngazi yake. Mbili za chini zinasafiri kwa simu bila tabu, ya tatu inakutaka wewe au mwenzako muwepo, ya nne inamtaka mtu wa hospitali aliko huyo mwanafunzi.

Kwenye leba inatoka hivi. Vya kusafiri ni namba na maana zake: kwamba mwongozo wa WHO wa 2020 unahesabu uchungu umekolea kuanzia njia ikifunguka sentimita 5 wakati patografu ya zamani (ile fomu ya kufuatilia uchungu) ilianzia 4, kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa na ya kushtua ni chini ya 110 au kuanzia 160 kupanda, kwamba mama akiganda kwenye sentimita 5 kwa masaa 6 unapiga alama, kwenye 6 ni masaa 5, kwenye 7 ni masaa 3, kwenye 8 ni mawili na nusu na kwenye 9 ni mawili. Hayo anaweza kuyasoma amekaa kwenye Coaster anaelekea Kyela. Hata kujaza fomu kunasafiri, unamtumia vipimo vya mama wa kubuni saa kwa saa, anachora kwenye karatasi, anapiga picha anakurudishia. Na kama wodi anayoenda bado ina patografu ya zamani mfundishe zote mbili, la sivyo ataenda kubishana na mkunga saa 9 usiku, na mkunga ndo atakuwa sahihi kwa fomu aliyonayo.

Visivyosafiri sasa. Kuweka kiganja juu ya tumbo la mama dakika 10 kamili ukihesabu uchungu umekuja mara ngapi na kila mmoja umekaa sekunde ngapi. Hii naiwekea mkazo kwa sababu ndo inadharauliwa kuliko zote. Mwanafunzi anaweka mkono dakika 2, anaona uchungu mmoja, anazidisha mara tano, anaandika "5 kwa dakika 10" na karatasi inaonekana safi kabisa. Kwenye simu huwezi kumkamata maana jibu lake linafanana na la aliyehesabu kweli. Unamkamata ukiwa umesimama upande wa pili wa kitanda na mkono wako nao uko juu ya tumbo, unamuuliza "huu umeanza saa ngapi", anababaika. Pamoja na hiyo weka kusikiliza kwa fetoskopu, kupima njia, na namna ya kumwambia mama ambaye ndo mimba yake ya kwanza na amekuja na mama mkwe kwamba anahitaji kupelekwa Meta, hospitali ya wazazi kule Mbeya mjini.

Ukimaliza zoezi hili utakuta karatasi yako ina vitu vingi vya kusafiri kuliko ulivyofikiri, na ile michache iliyobaki ndo ulikuwa hupati muda wa kuifundisha.

Hatua ya 2: Uliza wana nini, na uulize kwa karatasi

Dodoso la wanafunzi wana simu gani na mtandao upo wapi lisitumwe onlaini. Ukilituma onlaini watajibu wenye bando, na utapata picha kwamba mambo ni mazuri. Gawa karatasi siku wakiwa wote darasani kabla ya rotesheni, yaani kabla hawajatawanyika mahospitalini, maswali machache tu: simu yako ina nafasi kiasi gani imebaki, mtandao gani unashika unapolala, umeme unakatika mara ngapi, bando unanunua la siku au la wiki, kuna mwenzako mnayekaa naye geto moja mwenye laptop. Hili la mwisho watu hawaulizi lakini ndo linaamua mambo, maana huku watu wanarushiana mafaili kwa Xender simu kwa simu bila kugusa bando hata kidogo, kwahiyo ukijua nani yuko karibu na nani, tayari umepata njia zako za usambazaji.

Usisahau na mvua. Rungwe mvua yake mnaijua, umeme na mtandao vinaenda pamoja, na mabondeni kuna sehemu simu inashika ukipanda mlima tu. Panga kozi kwa ajili ya yule mwenye hali ngumu kuliko wote kwenye karatasi zile. Mwenye bando la mwezi hatapungukiwa na kitu.

Na uangalie kalenda ya bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Wiki mbili kabla halijatoka usipange kitu kinachokula MB, hawana.

Hatua ya 3: Vyombo vitatu vinatosha

Kwanza sehemu rasmi ya kuhifadhi kila kitu na alama. Vyuo vingi vinatumia Moodle, ipo tangu 2002, haina leseni ya kulipia na programu yake ya simu inaruhusu mwanafunzi kushusha somo zima akiwa na mtandao alafu akasoma bila mtandao. Wafundishe kufanya hivyo siku ya kwanza, shika simu ya mtu mmoja mbele ya wote uonyeshe hatua kwa hatua, ukidhani watajigundulia wenyewe wengi hawatafanya. Kama chuo chako hakina Moodle, Google Classroom inasogeza siku.

Pili grupu la WhatsApp, kwa matangazo na kesi za wiki basi. Watoe kwenye kichwa mawazo ya kwamba grupu ni maktaba, faili lililotumwa mwezi wa tatu mwezi wa tano halipatikani tena.

Tatu flashi. Ndio, flashi ya kawaida na memori kadi. Kila anayeenda rotesheni anaondoka na somo zima la block nzima (kipindi chote cha rotesheni hiyo), anampa CR, kiongozi wa wanafunzi wa kituo kile, wengine wanachukua kwake. Hospitali ikiwa na kompyuta moja ya akiba unaweza kuweka Kolibri au Kiwix, zote ni za bure, ukaunganisha na rauta bila intaneti yoyote na wanafunzi wakaingia kwa wifi wakasoma. Inafanya kazi vizuri sana mahali ambapo kuna mtu mmoja anayejua kuiwasha tena umeme ukirudi, kama mtu huyo hayupo usijisumbue.

Zoom na wenzake mimi siwaweki kwenye orodha ya lazima. Akaunti ya bure inakata dakika 40, na kabla ya hapo dakika 15 zimeisha mkiulizana "mnanisikia?". Tumia mara moja kwa block labda, kwa maswali tu, na ambaye hakuweza kuingia asipoteze alama.

Hatua ya 4: Tengeneza masomo mepesi

Mepesi kwa MB na mepesi kwa kichwa. Video moja jambo moja, dakika 6 mpaka 8. Hesabu ya uzito ni rahisi na kila mwalimu aijue: video ya dakika 8 ukiibana mpaka kilobiti 300 kwa sekunde inatoka kama MB 18. Sauti peke yake ya kuongea, kilobiti 32 kwa sekunde, dakika hizo hizo 8 ni karibu MB 2. Kwahiyo jiulize kila mara, hivi hapa picha inahitajika kweli? Kueleza kwanini presha inapanda kwenye kifafa cha mimba, sauti na kurasa mbili za picha zinatosha. Kuonyesha namna ya kushika barakoa ya ambu (mfuko wa kusukumia hewa) kwenye uso wa kichanga, hapo video, na iwe ya mikono siyo ya sura yako. Kubana video tumia HandBrake, bure, chagua picha ndogo ya 480 au 360, simu hazihitaji zaidi.

Lugha. Mtihani ni Kiingereza na madesa ni Kiingereza, sawa, hatutabadilisha hilo leo, lakini maelezo ya sauti ongea Kiswahili ukichanganya kama unavyoongea wodini, wanaelewa haraka zaidi na hakuna anayekubishia. Alafu tengeneza sauti fupi za namna ya kumuuliza mgonjwa. Hizi hazipo kwenye kitabu chochote cha kununua. Mwanafunzi kutoka Dar anafika Njombe anakuta bibi anamwambia "kamwene" na ye anamtolea macho, hajui hata kuitikia. Mwombe muuguzi mwenyeji arekodi salamu na maswali kumi ya historia kwa Kibena, mwingine kwa Kihehe, mwingine Kinyakyusa, mwingine Kisafwa, jumla haifiki hata MB 10 na itasikilizwa kuliko lekcha zako zote.

Kwa vitabu na majarida, Hinari ya WHO ipo tangu 2002 na taasisi za Tanzania zinaingia bure, nenda maktaba ya chuo uombe nywila. Inashangaza ni walimu wangapi hawajawahi kuiomba.

Hatua ya 5: Kesi moja kila wiki, majibu kwa sauti

Hii ndo injini ya kozi kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Ujumbe wenyewe unaonekana hivi kwenye grupu, Jumatatu saa 12 asubuhi:

"KESI YA WIKI. Mtoto mwaka mmoja na nusu, kilo 10, amerudi juzi kutoka kwa bibi yake Kyela. Homa siku 3, leo degedege mara mbili, saa hii hajitambui vizuri. mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya. Uko zamu usiku Tukuyu, wewe na nesi tu. Swali 1, taja vitu vitatu utakavyofanya kabla hujashika dawa ya malaria. Swali 2, artesuneti miligramu ngapi, mililita ngapi kwenye mshipa, na dozi inayofuata saa ngapi? Voisi moja kwa kila kikundi, isizidi dakika moja. Mwisho Jumatano saa 2 usiku."

Kwanini voisi? Kwa sababu ukiomba maandishi anaandika mmoja na wengine wanadesa ndani ya dakika tano, mpaka kosa la herufi linahama nalo. Kwenye sauti unasikia mtu anaposita. Na kwanini kikundi, kwa sababu darasa la watu 40 ukisikiliza mmoja mmoja umemaliza jioni yako nzima, vikundi vya watu watano ni voisi 8, dakika 8, basi. Anayeongea abadilike kila wiki na umchague wewe, siyo wao, la sivyo ataongea yule yule kipanga wao.

Majibu tuyapitie maana hapa ndo utaona kesi inavyofundisha. Kabla ya dawa ya malaria: njia ya hewa na upumuaji, sukari kwenye damu, na kusimamisha degedege kama bado linaendelea. Artesuneti kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, kwahiyo 30. Watakaokosea wengi watasema 24, wametumia 2.4 ambayo ni ya kilo 20 kwenda juu na watu wazima. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa na mililita 1 ya baikaboneti mpaka dawa iwe angavu kama maji bila ukungu, unaongeza saline mililita 5, sasa kila mililita ina miligramu 10, unavuta 3. Dozi inayofuata baada ya masaa 12, alafu saa ya 24.

Hapo ndo unaongeza swali jingine la kuuma: je mshipa ukikosekana? Kwa ajili ya msuli unaongeza saline mililita 2 badala ya 5, kila mililita inakuwa na miligramu 20, kwahiyo unavuta moja na nusu. Atakayeandaa ya msuli alafu akavuta 3 kwa mazoea amempa mtoto dozi mara mbili. Mwanafunzi akikosea hili kwenye voisi Jumatano, mnacheka, anakumbuka. Na wewe ukirekebisha usitaje kikundi kilichokosea, chukua makosa mawili makubwa, jibu kwa voisi yako ya dakika 3, imeisha.

Hatua ya 6: Siku za kukutana ni za mikono

Hapa nakuwa mkali kidogo. Siku mnayokutana, iwe wamerudi Mbeya au wewe umeshuka Tukuyu, projekta isiwashwe. Ukiwasha projekta umeua kila kitu, maana wanafunzi wana akili, wataona kwamba asiyesoma nyumbani anasomewa darasani, wiki ijayo hakuna atakayefungua chochote. Anza na maswali matano kwenye karatasi, dakika 10, ya yale yaliyosafiri. Wasiosoma wajulikane hapo na wakae pembeni wasome kwenye simu ya mwenzao wakati wengine wanaingia kwenye vituo.

Vituo ni ule mtindo wa OSCE, mtihani wa vitendo wa kuhama meza kwa meza, Ronald Harden na wenzake wa Dundee waliuandika mwaka 1975, kila kituo kazi moja, dakika chache, orodha ya kukagua, kengele inalia unahama. Huhitaji jengo la kisasa. Meza nne, doli la kichanga, mkono wa plastiki wa kuchoma sindano, mwanafunzi mmoja anaigiza mama, na simu ya kupigia kengele. Kwenye kila kituo aliyemaliza anabaki kumsimamia anayefuata akiwa na orodha mkononi, na kusimamia kunafundisha karibu sawa na kufanya.

Mfano wa kituo ambacho usikiache ni kumsaidia mtoto kupumua. Mafunzo ya Helping Babies Breathe yalitoka 2010, yanatumia doli linalojazwa maji na lengo lake ni ndani ya dakika ya kwanza mtoto asiyepumua awe ameanza kupewa hewa. Tanzania tuna ushahidi wetu wenyewe, utafiti uliochapishwa 2013 kutoka hospitali 8 ulikuta vifo vya vichanga ndani ya masaa 24 vimepungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayo. Ila kule hospitali ya Haydom walikuta pia kwamba mafunzo ya siku moja peke yake yanainua alama za darasani na hayabadilishi wanachofanya watu wodini, kilichosaidia baadaye ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini. Kwahiyo doli lisikae kabatini chuoni likisubiri mgeni. Lipeleke wodini, liwekwe mezani leba, kila anayeingia zamu afanye dakika 3 kabla hajapokea ripoti.

Hatua ya 7: Tafuta mtu wako kule kule

Bila mtu mmoja kwenye kila hospitali, kozi ya mbali haisimami. Siyo lazima awe bingwa. Mkunga mwenye miaka mingi leba anaweza kusimamia kuhesabu uchungu vizuri kuliko daktari yeyote aliyetoka shule mwaka jana. Mfuate ana kwa ana na barua ya chuo, pitia kwa mganga mfawidhi kwanza, mwambie kitu kimoja cha kuangalia kila wiki, siyo kumi, na umpe orodha ya kukagua ya nusu ukurasa. Sahihi kwenye logibuku iwe na tarehe na neno moja, "peke yake" au "kwa msaada". Logibuku iliyosainiwa kurasa zote siku moja kwa kalamu moja mnaijua wenyewe.

Mlipe. Kama chuo hakina fungu basi angalau bando na cheti cha kutambuliwa ambacho atakitumia kazini kwake. Na mpigie simu, usimtumie ujumbe, mara moja kwa wiki. Kwa simu ya dakika 5 utajua nani hajaonekana wodini tangu wiki iliyopita, jambo ambalo Moodle haitakuambia kamwe.

Hatua ya 8: Picha za wagonjwa

Fupi lakini usiiruke. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. X-ray yenye jina, faili lenye namba, sura ya mtu, kidonda kwenye mkono wenye tattoo, hivyo vyote visiingie kwenye grupu. Hata ukipata ruhusa ya mgonjwa, na lazima uiombe na aielewe, simu za wanafunzi zinahifadhi picha za WhatsApp zenyewe kwenye galari, kesho shangazi yake anaangalia picha za harusi anakutana na uvimbe wa mtu. Waonyeshe wazime ule uhifadhi wa picha kwenye mipangilio ya grupu. Kwa kesi za wiki buni mgonjwa, badilisha umri na kijiji, hupungukiwi na kitu.

Hatua ya 9: Mitihani

Testi ndogo za onlaini ziwe za kujipima tu, wafanye mara nyingi wanavyotaka, alama ndogo ya kushiriki. Mtihani unaoamua mtu anapata sup (anarudia mtihani) au anadisko (anaondolewa chuo) usiufanye onlaini huku kwetu, umeme utakatika kwa mmoja na utakaa na rufaa yake muhula mzima, na aliyeko kwenye chumba na wenzake watatu anafanya mtihani wa watu wanne. UE, yaani mtihani wa mwisho, ya maandishi wakae ukumbini, ya vitendo wapite vituo. Katikati ya block piga simu ya dakika 7 kwa kila mmoja, mpe kesi, msikilize anavyofikiri. Inachosha, ndio, mnaweza kugawana walimu wawili.

Na kabla hujahamisha masaa ya kozi kwenda kwenye simu pitia ofisi ya udhibiti ubora wa chuo, mtaala wenu umeidhinishwa na TCU (vyuo vikuu) au NACTVET (vyuo vya kati) ukiwa na masaa yake, yasije yakaonekana yamepotea.

Hatua ya 10: Masaa yako yahesabiwe

Hili nimeliweka mwisho ila ndo linaua kozi nyingi. Lekcha ya masaa mawili inahesabiwa masaa mawili kwenye mzigo wako wa kazi. Video ya dakika 8 iliyotengenezwa vizuri inakula nusu siku na kwenye fomu haionekani popote. Kuna chuo nakifahamu walimu walikaa likizo nzima wakiandaa masomo, muhula ukaanza wakapangiwa vipindi vile vile vya zamani juu yake, wiki ya tano kila mtu karudi kwenye projekta. Kwahiyo kaa chini andika: masaa ya kuandaa kila video, masaa ya voisi za wiki, simu za hospitalini, nauli na siku za kushuka Tukuyu au kupanda Makete, bando la mwalimu, bando la wasimamizi. Onyesha na vipindi gani vya darasani vinaondoka ili hayo yaingie. Peleka karatasi hiyo kwa mkuu wa idara kabla ratiba ya muhula haijatoka, maana ikishabandikwa utaambiwa subiri mwakani.